Mzunguko wa Kumi

Kyuso, 3 Februari 2025

Kaluki,

Umenizuia kwenye simu, kwa hivyo nakuandikia. Barua hii imo ndani ya mkebe mtupu wa mkaa wako. Mkebe najua utaufungua.

Jumatano iliyopita dada yangu Ladan alitoka karakanani kwenda dukani kununua majani chai. Alirudi na kiatu kimoja. Ndala ya kushoto ilibaki barabarani karibu na soko la mbuzi, na watu wakamwita, "Mama, kiatu! Mama, umeacha kiatu!" Hakujua ni yeye anayeitwa. Anashona viatu tangu akiwa na miaka kumi na saba, na sasa hajui kama amevaa kiatu au hajavaa.

Daktari tuliyempata Mwingi alimwambia afumbe macho, akamgusa kwa pini kuanzia nyayo kwenda juu. Ladan alisema "hapo" pini ilipokaribia goti. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Nikasema gundi ya viatu. Akaweka pini chini. Alisema mvuke wa gundi ile unakula neva polepole, unaanza na zile ndefu, za miguu, kisha unapanda.

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa na fahari, Kaluki, nakuambia ukweli. Nikamweleza kwamba juu ya meza ya gundi kuna kasha lenye feni, kwamba linavuta hewa na kuipitisha kwenye droo ya mkaa wa kokwa za embe kutoka Kikima, kwamba mkaa unanasa mvuke na hewa safi inarudi chumbani. Nikamwambia mkaa huo umetengenezwa na mtu niliyeishi naye chumba kimoja chuoni miaka minne.

Akauliza, "Na mkaa ukishiba?"

Kikaratasi chako cha maelezo kinasema: hufufuliwa kwa joto, mara ishirini. Sisi tumeufufua mara kumi na moja, kila Ijumaa, bila kukosa.

Nijibu. Mkaa wako una nini?

Hani Abdinoor


Kikima, 9 Februari 2025

Hani,

Pole kwa dada Ladan. Nalisema kwanza kwa sababu nalimaanisha, na kwa sababu baada ya hapo sina neno jema.

Nilikuzuia kwa kuwa jumbe kumi na saba za sauti kwa asubuhi moja si mazungumzo. Nilisikiliza mbili. Katika zote mbili ulisema "tulikuwa tunaumwaga kwenye mabati".

Kufufua mkaa si kuanika ndengu. Ulikaa nami maabara mwaka mzima, kwa hiyo nitakukumbusha unachojua. Punje moja ya mkaa ina vitundu ambavyo hakuna jicho litakaloviona. Vingine ni vipana, mvuke unaingia na kutoka unavyotaka. Vingine ni vyembamba kiasi kwamba chembe ya mvuke ikiingia inagusana na ukuta kila upande, na humo ndimo inaposhikwa kwa nguvu. Mkaa wangu una vyembamba vingi mno. Ndiyo maana gramu mia moja zinanasa gramu thelathini na moja za mvuke, na hakuna mkaa wa jiko utakaofika hata robo ya hapo. Lakini kilichoshikwa hivyo hakitoki kwa jua. Kinataka mvuke wa maji moto sana, katika pipa lililofungwa, saa nzima.

Ninyi mliuanika, mkaurudisha droo ukiwa nusu umeshiba, wiki baada ya wiki. Halafu mnauliza mkaa una nini.

Nitumie uliotumika nikaupime. Ujaze mkebe, ufunge kwa gundi ya karatasi. Usiutikise.

Kaluki


Kyuso, 15 Februari 2025

Kaluki,

Mkebe huu hapa. Sijautikisa, mheshimiwa.

Nimekisoma tena kikaratasi chako, pande zote mbili, na nimemsomea kaka yangu Guled, mwenye karakana. Hakuna pipa. Hakuna mvuke wa maji. Kuna neno "joto". Umewahi kusimama Kyuso saa saba mchana? Mabati yetu yanachoma mayai. Kama ulitaka pipa ungeandika pipa, lakini fundi wa viatu akisikia pipa la mvuke hanunui, si ndiyo? Uliandika neno moja linaloweza kumaanisha chochote, ukatuachia sisi tukosee.

Unasema nilikaa nawe maabara mwaka mzima. Asante kwa kukumbuka. Siku mkaa ule ulipopewa tuzo chuoni ulisahau. Ulipanda jukwaani peke yako na gauni la kijani, na mimi niliyepima nikiwa na kikohozi, niliyekesha na mizani yako, nilipiga makofi kutoka safu ya nyuma pamoja na mama yako. Mama yako alikuwa ananitazama mimi. Yeye aliona.

Ladan anatembea akishika ukuta. Guled amemwekea kiti karibu na mlango. Hii ni miezi ya viatu vya Idi, wateja wamejaa, na dirisha tumelifunga tangu Januari kwa sababu ya vumbi. Tulilifunga kwa kuwa tulikuamini.

Pima, kisha uniambie ukweli kwa mara moja.

Hani


Kikima, 27 Februari 2025

Hani Abdinoor,

Nimepima. Ulitaka ukweli, usije ukalia.

Nilitia punje zenu kwenye oveni, nikapandisha joto kidogo kidogo, Mutindi akiandika uzito. Mutindi ndiye tunayefanya naye kazi tanurini, mwanamke mzima, hacheki ovyo. Kufikia nyuzi mia na thelathini gundi ilikuwa imetoka, lakini uzito ulibaki juu. Kulikuwa na kitu kingine ndani. Nikaendelea. Tulipopita nyuzi mia mbili chumba kilibadilika. Mutindi aliinua kichwa akasema, "Kaluki, ni nani ameolewa hapa?"

Mimi sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa tena chumba namba kumi na nne, matroni anagonga mlango, na wewe unasukuma chetezo chini ya kitanda changu. Changu, si chako, kwa sababu msichana wa Kikima hakuna atakayemshuku kwa ubani. Nilisimama pale na koleo mkononi nikashindwa kusoma kipimajoto. Hilo sitalisema tena.

Mmekuwa mkichoma uunsi karakanani.

Unajua uunsi ni nini: ubani, sukari iliyoungua, manukato. Chembe zake ni kubwa, nzito, zinanata. Zinakaa kwenye midomo ya vitundu vyembamba kama vizibo, na jua lako la mayai haliwezi kuzitoa. Mkaa ulishiba uunsi kabla gundi haijafika.

Na hilo si baya zaidi. Pua ndiyo kengele ya chumba kile. Mkaa ukichoka, harufu ya gundi inarudi, na mwenye akili anatoka nje. Ninyi mliizima kengele kwa manukato. Wewe, uliyesoma kemia, uliruhusu.

Kwa hiyo usiniulize mkaa wangu una nini. Aliyechoma uunsi katika chumba kile ndiye aliyeichukua miguu ya Ladan. Liandike ukutani, ulisome kila asubuhi.

Kaluki


Kyuso, 4 Machi 2025

Kaluki mdogo wangu,

Ni mimi Ladan. Vumilia mwandiko, vidole vya mkono wa kulia navyo vimeanza kulala. Nikishika kalamu ni kama nimeshika ya mtu mwingine.

Mikebe yako huwa naifungua mimi. Hani alikuwa ameenda Mwingi kuchukua ngozi, na barua ilikuwa juu. Sikuwa na nia ya kusoma barua ya mtu, ila niliona jina langu mwishoni.

Uunsi ni wangu. Hani hajawahi kuuchoma hapa. Wanawake waliokuja kujaribu viatu vya Idi walikuwa wanafunika pua mlangoni, na mimi nikaona aibu. Kwetu huwezi kumkaribisha mgeni kwenye harufu mbaya, hata kama ni karakana. Nikawa nauchoma asubuhi, kabla hatujafungua gundi, maana gundi na moto ni maadui. Chetezo nilikiweka chini ya kasha lile lenye feni. Nilifikiri feni itausambaza chumba kizima. Nilijiona mjanja kweli.

Hani alijua nauchoma. Hakujua kwamba ni sumu kwa mkaa, na mimi ningejuaje? Naona hakukuambia ni nani. Alitaka uendelee kumtukana yeye. Ndivyo alivyo, unamjua.

Sasa nakuomba neno moja. Nimefunga, sitaki maneno mengi. Ni kweli ni mimi? Miguu hii nimejifanyia mwenyewe? Usinipoze. Wewe na Hani mnajua vitu hivi, na Hani nikimuuliza anatoka nje.

Ulikuja kwetu mara moja ukala ngamia ukasema ni ng'ombe mwenye kiburi. Bado tunacheka.

Ladan


Kyuso, 22 Machi 2025

Kaluki,

Siku kumi na nane. Ladan alikuuliza swali moja kwa mkono usiosikia kalamu, na wewe umenyamaza siku kumi na nane. Barua yake sikuiona ikiondoka. Ameniambia jana.

Ameacha kuja karakanani. Anakaa nyumbani, miguu ameinyoosha mbele yake, anaitazama kama watoto waliomkosea. Chetezo kilikuwa cha marehemu mama yetu. Amekipeleka kwa jirani, akasema, "Chukua, mimi nina mkono mbaya." Hayo umeyafanya kwa sentensi moja. Hongera.

Sasa sikiliza nililofanya mimi.

Tulikuwa na mkebe wako mmoja ambao haujafunguliwa. Niliazima mizani ndogo ya duka la viungo la mama Kaltun. Nikachukua gramu mia moja, nikazifungia ndani ya ndoo pamoja na kisahani cha gundi hadi uzito ukaacha kupanda, nikapima, nikaanika juu ya mabati, nikapima, nikarudia. Nimefunga, kiu imenikaba, nageuza mkaa wako juani kwa kijiko. Hakuna uunsi uliokaribia ndoo ile. Nilifanya mizunguko kumi.

Wa kwanza ulinasa gramu thelathini na moja. Nilitaka kulia kwa jinsi ulivyo sawa na kikaratasi. Wa tano, ishirini na moja. Wa kumi, kumi na mbili.

Utasema ni jua. Basi twende kwenye oveni.

Mwaka wa mwisho, mimi na wewe tulipima mkaa huu huu kwa oveni ya chuo. Mizunguko mitano niliipima mimi, na ilikuwa inashuka, nakumbuka nilikuambia inashuka. Kisha baba akafa nikaja Kyuso kumzika. Mizunguko ya sita hadi ya kumi uliifanya wewe. Nikiwa bado matangani ulinitumia ujumbe: "Mizunguko kumi imekwisha, mambo sawa, usiwe na wasiwasi." Nilikushukuru. Niliwaambia wanawake waliokuja kutupa pole kwamba nina rafiki anayenimalizia kazi yangu. Katika ripoti uliandika "upungufu ni mdogo", na hukuweka jedwali.

Nataka ile karatasi. Ya sita hadi ya kumi. Najua unayo, wewe hujawahi kutupa karatasi maishani mwako.

Usiponipa, mimi mwenyewe nitabeba ndoo hii hadi Kikima na nitasimama mbele ya tanuri lako niwasomee wanawake wenzako nambari.

Hani


Kikima, 14 Aprili 2025

Dada Ladan,

Uliniuliza swali, na mimi nikaenda kujificha kazini. Nisamehe kwa siku hizo, ingawa si hizo tu.

Hukujifanyia mwenyewe.

Umesema nisikupoze, kwa hiyo nitasema yote. Uunsi uliongeza. Uliziba vitundu na ukaficha harufu, na kwa sababu hiyo mkaa ulikufa mapema, labda kwa wiki tatu au nne. Lakini ulikuwa unakufa. Bila uunsi ungekufa vilevile, na mimi nilijua.

Karatasi aliyoitaka Hani nimeiambatisha. Ni ile yenyewe, ina doa la chai. Somo ni hili: thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na sita, ishirini na nne, ishirini na tatu. Hapo Hani aliondoka. Kisha ishirini, kumi na nane, kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne. Hiyo ni kwa oveni nzuri, si mabati. Usiku ule... hapana, ilikuwa mchana, saa nane, naikumbuka saa. Nilipoandika kumi na nne niliitazama kwa muda, nikaona tuzo ikienda. Watu wa tuzo waliuliza tu mkaa unanasa kiasi gani. Hakuna aliyeuliza unaachia kiasi gani. Nikajiambia nitaurekebisha baadaye. Baadaye nikapata tanuri, wanawake kumi na wawili wanaoleta kokwa, na kikaratasi chenye neno "joto".

Kasoro ilikuwa tangu mwanzo katika upikaji. Nikiuchoma mkaa kwa mvuke wa maji kwa muda mfupi, vitundu vinabaki vyembamba, nambari ya kwanza inakuwa kubwa, na kila mzunguko mvuke fulani unabaki ndani, hautoki. Nikiuchoma kwa muda mrefu, vitundu vinapanuka, sehemu ya mkaa inaungua ikapotea, na nambari ya kwanza inashuka. Nilichagua nambari ya kwanza.

Barua uliyoisoma, ile ya miguu, iliandikwa na mtu aliyekuwa anajua haya yote na anatafuta wa kumtwika. Niliponusa uunsi nilifurahi. Ndiyo, dada. Nilifurahi kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine.

Nimewaambia wenzangu. Mutindi alivua aproni akaikunja, akaenda nyumbani, akarudi baada ya siku tatu. Wengine wanne hawajarudi. Nimeanza kufuata mikebe yote niliyouza. Mukuyuni kuna fundi wa makochi anaitwa Musyimi, ana kasha kama lenu kwa ajili ya vanishi, na mkewe ndiye anayepuliza. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakunitukana. Alimwita mkewe, akamwambia avue viatu, akamkuna nyayo kwa ufunguo mbele yangu. Yule mama akaruka akacheka, "We Musyimi, una wazimu? Nina tekenyo!" Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao.

Kuna mikebe miwili katika kifurushi hiki. Ni mkaa mpya, uliochomwa kwa muda mrefu. Utaona nambari zake zote zimeandikwa kwa mkono juu ya mkebe. Mzunguko wa kwanza ni ishirini na tatu tu. Wa kumi ni ishirini na moja. Ufufueni kwa pipa. Nimechora namna ya kulitengeneza. Na mwambie Guled afungue dirisha, vumbi au bila vumbi.

Nakuomba uchukue tena chetezo cha mama.

Kaluki

Hani, najua utaisoma. Kwako sina la kujitetea. Tuzo nimeirudisha chuoni pamoja na nakala ya karatasi, na nimeandika ni nani aliyepima mizunguko mitano ya kwanza. Nambari yako ya simu nimeifungua.


Kyuso, 2 Septemba 2025

Kaluki,

Nimechelewa kwa makusudi.

Barua yako Ladan anaiweka ndani ya kibegi cha dawa. Mimi niliisoma mara moja, na ile karatasi mara nyingi. Kumi na nne. Miaka mitatu nilidhani kwamba nilikuacha na kazi ngumu nikaenda kuzika, na nilikuwa nakuonea huruma. Sijakusamehe. Nimejaribu kwa ajili ya Ladan, imekataa, na sitakuandikia uongo.

Ulifungua nambari yangu. Nimeona. Usipige, sitapokea.

Nakupa habari kwa kuwa zinakuhusu. Guled amefungua dirisha na kuweka wavu. Pipa tumelitengeneza kwa mchoro wako, ambao una kosa. Bomba uliliweka juu, linatakiwa chini. Mkaa mpya tumeufufua mara kumi na nne. Napima kila mara kwa mizani ya mama Kaltun, sasa ni yangu, amechoka kuidai. Mzunguko wa kumi ulikuwa ishirini na moja, kama ulivyoandika. Nilipima mara mbili nikitumaini umedanganya.

Ladan haingii tena kwenye chumba cha gundi. Anakata ngozi barazani. Daktari alisema neva zikirudi zinarudi kwa mwendo wa kucha kuota, na huenda zisirudi zote. Aprili hakukuwa na kitu. Mei, hakuna. Juni alikanyaga sufuria ya moto na hakujua hadi tulipoona ngozi. Chetezo alikichukua tena kwa jirani mwezi wa saba. Anachoma uunsi nyumbani tu, madirisha yote wazi.

Mimi nimemshonea viatu. Sina mkono wa kushona, unajua, mimi ni wa mizani. Nilishona kwa uzi mtupu, bila tone la gundi, na mshono wa mbele ukatoka na kifundo. Alivaa wiki sita. Alikuwa anasema asante tu, asante, ni vizuri. Nilichukia ile asante.

Juzi asubuhi alitoka barazani, akapiga hatua tatu, akasimama. Akavua kiatu cha kulia akakigeuza juani. Kisha akanirushia kifuani.

"Nani alikufundisha kushona?" akasema. "Kifundo hiki kinaniuma kidole."

Nilikiokota. Sikirekebishi bado. Nimemwambia avae tena kesho, aniambie ni kidole gani.

Tuma mikebe mingine miwili. Andika nambari zote, hadi wa ishirini.

Hani Abdinoor